Mkwe wa Mfano na Zulia la Mlangoni

Huku kwetu Kihonda siku hizi watu wananijua kwa mazulia ya mlangoni. Mwenye saluni akitaka la kufutia miguu wateja wake, ananiuliza. Mwenye duka la dawa, vilevile. Nami sijivungi, natoa somo. Lipindue kwanza, uone kama mgongoni lina mpira. Limwagie maji, lisukume kwa mguu. Likiteleza, mrudishie mwenyewe. Pembe zikianza kujikunja, achana nalo, litamkwaza mtoto. Pa biashara weka lile zito la mpira wenye matundu, tope linadondokea chini, unalipiga maji, unalianika, linadumu. Watu wanasema nina jicho. Wangejua jicho hilo nililipatia wapi, ningehama mtaa.

Nilikuwa nimemaliza kuweka marumaru, baraza hadi sebuleni, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikaenda mjini nikarudi na zulia la manyoya, jekundu, limeandikwa "Karibu Nyumbani" kwa nyuzi za dhahabu. Mke wangu akalipindua, akalipapasa.

"Baba watoto, hili chini halina kitu. Tandika gunia tu kama watu wengine."

Mimi nina hasira za karibu. Nikamfokea: gunia kwenye marumaru? Niliyaweka ya nini sasa? Akaingia jikoni.

Sasa sikiliza jambo jingine. Mimi si mzaliwa wa Morogoro, kwetu ni Mara, na kule nilikolelewa mama mkwe haguswi. Humpi mkono, humkazii macho, mkikutana njiani unampisha. Mke wangu ni Mluguru, mama yake anaishi juu ya Mkuyuni, milimani. Kwao pia mkwe ana heshima yake, lakini si ya kukimbiana namna hiyo. Miaka yote mama yule akija kututembelea nilimwamkia nimefumbata mikono nyuma ya mgongo, macho chini. Shikamoo mama. Marahaba mkwe wangu. Basi, nimemaliza, natafuta upenyo wa kutokea. Yeye alikuwa akicheka tu, na mimi nikijiona mkwe wa mfano.

Akaja masika iliyopita, mvua inanyesha tangu alfajiri. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni, watoto shule, nyumbani niko peke yangu. Nikasikia hodi. Mama huyo, kikapu cha ndizi kichwani, miguu imelowa hadi magotini. Akavua kandambili zake kwa adabu, akakanyaga "Karibu Nyumbani" ajifute.

Zulia likaondoka naye. Ndizi huku, kikapu kule, na yeye chali katikati ya marumaru yangu, kitenge kimepanda.

"Yesu na Maria!"

Unajua nilifanya nini? Niligeukia ukuta. Wallahi, nikauambia ukuta, "Pole mama, pole sana." Halafu nikatoa simu nikampigia mke wangu.

"Mama ameanguka."

"Mnyanyue!"

"Nitamshikaje?"

"Kwa mikono! Wewe una wazimu?"

Alipiga kelele simu nzima ikavuma, na mama yake pale chini anasikia kila neno. Kwenye kona palikuwa na deki ya mpini mrefu. Nikaichukua, nikarudi kinyumenyume, nikamnyooshea mpini huku nimeangalia pembeni.

Mama akasema taratibu, "Mkwe, mimi ni nyoka?"

Akaushika ule mpini, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kushika. Nikavuta bila kutazama. Kumbe mguu wake bado ulikuwa juu ya zulia. Likateleza tena, mpini ukanichomoka, na safari hii aliangukia mkono. Nilisikia mfupa.

Hapo ndipo nilipomshika. Nilimbeba mzimamzima kama mtoto, nikalia, nikamwita mama, mama, mama. Alikuwa mwepesi mno. Heshima yote niliyokuwa nikiitunza ilikuwa imelala pale chini na zile ndizi, na sikuona kilichopungua kwa kumgusa.

Hospitali akafungwa hogo la plasta, mkono wa kulia, ule anaoshikia jembe. Muuguzi akamuuliza imekuwaje, mama. "Nimeteleza tu, mwanangu. Mvua." Akaishia hapo. Mimi nimekaa pembeni na viatu vyenye tope, natamani ardhi ipasuke. Angenisema ningepumua. Alinisitiri, na mpaka leo nikilikumbuka lile neno "tu" masikio yanapata moto.

Msimu ule shamba lake lililimwa na majirani. Mke wangu hakunisema, alikuwa ananipakulia chakula, ananiwekea, anaondoka. Swali lilikuwa moja tu ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyelitamka: je, mama atakanyaga tena hapa?

Ndipo nikaingia wazimu wa mazulia. Lile la manyoya nililichoma moto. Nikazunguka maduka ya mjini, napindua, nachuna mpira kwa kucha, naomba maji nimwage, nakanyaga kwa kisigino. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Mzee, unanunua zulia au unacheza ngoma?" Mwishowe nikapata la mpira mzito, lenye matundu na vijinundu. Nililirukia, nikalisukuma, nikalivuta. Halikwenda popote. Nikaliweka mlangoni, nikasubiri.

Kiangazi alikuja. Hogo limeshatolewa, mkono umekonda, vidole havikunjiki vizuri. Nikatoka mbio kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu."

Akafika kwenye ngazi, akasimama. Nikaanza kueleza: hili mama ni la mpira, nimelipima mwenyewe, halitelezi hata kwa maji, kanyaga bila wasiwasi. Nilieleza mpaka nikaishiwa. Akalitazama, akalikanyaga kwa mguu mmoja, akalisugua kidogo. Kisha akashusha mguu, akazunguka nyumba, akaelekea mlango wa jikoni aliko binti yake, anajishikiza ukutani kwa ule mkono mzima.

Nikamfuata. "Mama, si nimebadilisha zulia?"

"Zulia zuri, baba," akasema bila kugeuka. "Mimi siogopi zulia."

Nikabaki pale uani. Nilitaka kunyoosha mkono nimsaidie ile ngazi ya jikoni, ni fupi lakini imeinama. Ndipo nikagundua mikono yangu yote miwili nimeifumbata nyuma ya mgongo, tangu nilipomwamkia.