Chupa Zilizoamshwa

Majirani walimwita Mama Povu. Mchana anafua mashuka ya hospitali, akirudi nyumbani anapika bia. Povu huku, povu kule. Jina hakulikasirikia. Ufuaji ulimfundisha usafi, na bia haimsamehi mchafu.

Alianza na bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ikatoka na harufu ya kabichi kwa sababu aliichemsha sufuria ikiwa imefunikwa. Mfuniko ukatupwa kando. Ikaja ya kahawia. Ile aliitia hamira maji yangali moto, hamira ikafa, akabaki na maji matamu yasiyo na maana. Akanunua kipimajoto. Sasa alifikia nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikanukia kama kahawa, na Jumamosi hii saa nne asubuhi meneja wa hoteli alikuwa anakuja kuionja. Zile mbili za kwanza alizitema.

"Ya tatu nikiitema, mama, tusisumbuane tena," alisema.

Hoteli nyingine zilikwisha kumcheka. Mgongo nao ulikuwa umegoma kuinamia mashuka. Basi ilikuwa hii au beseni mpaka kaburini.

Saa tatu na nusu stoo ikalia: paa!

Mama Povu akafungua mlango. Vigae vya chupa vimetapakaa, bia inachuruzika ukutani.

"Wifi! Nani kagusa chupa zangu?"

Dada wa mumewe akatoka jikoni anajifuta mikono. "Mimi. Si ulisema zimelala? Wiki tatu nzima zimelala tu, na mgeni anakuja! Juzi nikaziamsha."

"Ukaziamsha kwa kitu gani?"

"Sukari. Kijiko kwa kila chupa, nikabana tena vizibo vya waya upesi zisije zikamwagika zote. Si ndivyo unavyoamsha hamira?"

Mama Povu akashika kiuno. Kweli, hamira huiamsha kwa sukari na maji ya vuguvugu, na wifi alisimama palepale akitazama. Lakini bia ikishafungwa chupani huachwa ilale, ijitengenezee gesi yake polepole. Ukiiongezea sukari, hamira inakula, inashiba, inapumua, na chupa haina pua.

"Wifi, umenitegea mabomu ndani ya nyumba."

"Nilitaka kukusaidia."

"Msaada wako umepasuka mmoja. Imebaki ishirini na tatu."

Akavaa koti zito na glavu za mpira za kazini, akashika mfuniko wa sufuria mbele ya uso. Hatua moja, nyingine. Akaizungushia chupa ya kwanza shuka lililoloa, akageuza uso, akafyatua waya wa kizibo. Povu likapiga dari.

"Ulizitia zote?"

"Sukari iliniishia. Mbili sikuzigusa."

"Zipi?"

"Sasa nitajuaje, wifi? Chupa zote zinafanana kama mapacha!"

Mlango wa mbele ukagongwa. Meneja alikuwa amewahi, na shati lake lilikuwa jeupe pe. Akaingia mpaka mlango wa stoo, akaona vigae, akaona dari linalodondosha.

"Hii ndiyo bia?"

"Ilikuwa," wifi akajibu. Mama Povu alimtupia jicho, wifi akanywea.

"Simama hapo hapo, baba. Usisogee."

Akavua glavu. Mikono iliyofua miaka ishirini inajua shuka lililosuuzwa na lililobakiwa na sabuni. Chupa iliyotiwa sukari ilifoka, na kilichofoka kikakauka shingoni. Akaanza kuzipapasa shingo moja moja. Inanata. Inanata. Ya tatu ikatoa mlio mdogo chini ya kizibo, akauondoa mkono kama aliyeshika kaa la moto. Inanata. Ya kumi na sita ilikuwa laini, kavu, safi.

Akaipeleka mezani. Meneja akarudi nyuma, mkono kifuani kwenye shati lake. Kizibo kikasema "pss", basi. Bia ikashuka nyeusi, povu likakaa juu kwa unene wa vidole viwili.

Meneja akanywa, akaiacha mdomoni. Mama Povu alimtazama koo tu. Koo likapanda, likashuka. Hakutema.

"Nyingine kama hii itakuwa tayari lini?"

"Wiki tano. Mbili za kuchacha, tatu za kulala."

"Na hizi zilizobaki?"

"Hizo," alisema Mama Povu akivaa tena glavu, "atazifungua wifi. Yeye ndiye aliyeziamsha, yeye atazibembeleza."