Siku Tuliyomhamishia Chewa Nyumba ya Mninga

Mume wangu alipohamishiwa Mpanda kutoka Tanga, katikati ya miaka ya tisini, wenzetu walikuwa wakishusha kwenye treni vitanda na makabati. Sisi tulishusha sanduku la kioo, madumu ya maji ya bahari, na samaki mmoja, chewa, wa kuenea kiganjani. Mzungu aliyekuwa bosi wake alimwachia siku anarudi kwao, akamwomba amtunze. Mume wangu ni mtu wa kutimiza ahadi hata kama aliyeahidiwa ameshaisahau.

Tulipanga nyumba mtaa wa Kawajense, karibu na shule niliyofundisha. Sanduku likakaa sebuleni, pale ambapo wengine huweka redio. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alitafuta tyubu ya tairi la lori, akaifunga kimrija cha dripu, na kila asubuhi akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Hewa ikawa inatoka kidogokidogo majini mpaka jioni. Maji ya bahari yalipopungua, akaongeza ya kisima na chumvi ya Uvinza. Nilitegemea samaki afe. Badala yake alinenepa, mpaka akawa anageuka kama lori kwenye uchochoro: mbele, nyuma, mbele tena.

"Anahitaji nyumba kubwa," mume wangu alisema siku moja tukila. Sisi wenyewe tulikuwa na vyumba viwili.

Kioo kikubwa hakikupatikana mjini, isipokuwa kwa fundi mmoja wa majeneza, aliyekiweka akiba kwa ajili ya familia zinazopenda marehemu aonekane uso. Alikubali kutengeneza sanduku la mbao za mninga, kioo ubavuni, viungo vyote vizibwe kwa nta ya nyuki. Lakini mkono wake ulishazoea. Kazi ilipokwisha, sanduku lilikuwa pana mabegani na jembamba miguuni, na lilikuwa na vishikio pande zote mbili.

"Vishikio vya nini?" mume wangu alimuuliza.

"Sasa mtalibebaje?"

Walilibeba Jumamosi asubuhi, yeye na wenzake wa kazini. Mimi nilibaki nyumbani na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Karema. Tulikuwa tumeshamtoa chewa kwenye sanduku la zamani na kumweka kwenye beseni la kufulia, maji yake yakiwa kwenye ndoo.

Njiani, mume wangu alinisimulia baadaye, wanaume walishuka kwenye baiskeli na kuvua kofia. Wanawake wakaacha visima na kufuata nyuma. Alipowaambia, "Jamani, hili ni la samaki," walimtazama kwa huruma, na mzee mmoja akamshika bega akisema, "Jikaze, baba. Huzuni hufanya mtu aseme mengi."

Mimi nilisikia kilio kabla sijaona mtu. Nilitoka mbio, nikamwona mume wangu mzima, nikaona na jeneza, maana umbo la sanduku letu sikuwa nimeliona bado, nikaanza kupitia ndugu zetu kichwani mmoja mmoja. Jirani yangu, mama mmoja ambaye wazazi wake walitokea Burundi, alikuwa ameshafika na ungo wa unga. Akanikumbatia.

"Pole, mwalimu. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Ndiyo, ndiyo," akasema akinipigapiga mgongo. "Lia tu."

Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha, akiwa amesimama mlangoni. "Nyie, mnamlilia nani? Mwenyewe yuko ndani kwenye beseni, anapumua."

Hawakuondoka. Mtu aliyeacha shamba lake kuja kwenye msiba hakubali kurudi hivihivi. Waliingia kwa zamu kumtazama chewa, na wengine, kwa mazoea, waliinamisha vichwa. Katekista naye akafika na kitabu chake. Tulipomweleza, alifikiri kidogo, kisha akaibariki nyumba na vyote viishivyo ndani yake.

Tukajaza maji sanduku jipya. Shida ikawa chumvi: ya kutosha ni ipi? Mume wangu alisema tulinganishe na maji ya zamani kwa ulimi. Kila mtu akataka kuonja. Jirani yangu alisema bado kidogo. Katekista alisema imezidi. Walipoonja mara ya pili, midomo ilikuwa imekauka na hakuna aliyejua tena yapi ni maji mapya na yapi ya zamani. Mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akiishi nyuma ya nyumba yetu alimeza kikombe kizima, akajifuta midomo, kisha akasema, "Ng'ombe wangekunywa haya." Likawa ndilo neno la mwisho.

Mume wangu akamfunga chewa kwenye kitenge changu na kumwinua. Chewa akajirusha. Akaanguka sakafuni, akateleza chini ya kochi, akatokea upande wa pili, na watu waliokuwa wanamlilia muda mfupi uliopita wakapanda juu ya viti. Mfugaji akavua pama lake, akajitupa chini kama anayekamata ndama, akamfunika.

"Shemeji, nimempata, lakini ananing'ata," aliniambia kwa utulivu, kifua kikiwa sakafuni.

Tulimtia majini pamoja na kofia. Alikwenda moja kwa moja upande wa miguu, akajibana humo, hakutikisika. Nilijikuta nimeshika mkono wa mama mkwe. Kisha chewa akasogea taratibu mpaka mabegani, akageuka mzunguko mzima bila kugusa popote. Mama mmoja akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo, hajui kama inaruhusiwa.

Unga ulikuwa umeshaletwa, na kuni pia, kwa hiyo tukapika ugali na maharage. Watu walikula, wakatupa pole, wengine wakatupa hongera.

Maji ya chumvi yaliyobaki tuliyamwaga uani. Hilo ndilo lililotusumbua. Kwa wiki kadhaa, ng'ombe wa yule mfugaji wakitoka malishoni jioni walipinda njia, wakaingia uani kwetu na kulamba udongo mpaka wakachimba shimo karibu na mlango wa jiko. Mwenyewe alisimama pembeni na fimbo yake, akiwangoja. Nilipomwomba awazuie, alisema hata yeye ameshangaa, maana siku hizi wanatoa maziwa vizuri zaidi.