Dakika Kumi na Moja za Kifo cha Abu Layth

Saa tatu asubuhi, Ibtihal Sarayra amesimama mbele ya lango la Bunge jijini Amman, kipaza sauti mkononi, akisubiri ishara ya mpiga picha. Askari wa lango anamchungulia.

"Bi Ibtihal, leo unamzika nani? Nisije nikawa mimi, nina watoto!"

Anajikaza kucheka. Kamera inapowashwa, mashavu bado yanamwaka.

Kwa miaka kumi na sita, mwandishi huyu wa habari za siasa mwenye umri wa miaka 41 alisifika kwa kuwahi. Mwezi Machi kuwahi huko kulimponza. Katibu wa chama kimoja alimtumia ujumbe wa maneno matatu: "Abu Layth ametutoka." Alimaanisha kwamba Abu Layth, mbunge wao, amekihama chama. Ibtihal akasoma msiba, akautangaza papo hapo.

"Ningepiga simu moja tu," anasema. "Lakini nilimwona mwenzangu wa kituo kingine ameinamia simu yake. Nikaogopa atanitangulia."

Tangazo lilikaa hewani dakika kumi na moja. Huko Karak, mama wa mbunge, Hajja Watfa, mwenye miaka 81, alikuwa mbele ya televisheni. Majirani walikwisha kupanga viti na kuteleka kahawa chungu ya matanga, ndipo mbunge mwenyewe akapiga simu kuuliza nani kafa.

Jioni, kituo kilimkabidhi Ibtihal taarifa ya kuomba radhi. Ilitaja "hitilafu ya mitambo". Akaisoma bila kupepesa.

"Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka," anasema, macho chini. "La pili nililifanya taratibu, nimeshapakwa poda."

Ijumaa iliyopita alikwenda Karak. Hajja alimmiminia kahawa. Ibtihal akaiweka chini bila kuionja, kama afanyavyo mgeni mwenye haja mpaka mwenyeji amkubalie.

"Haya, sema. Una haja gani?"

"Unisamehe, Hajja."

"Nikusamehe nini? Si walisema ni mtambo? Basi uje huo mtambo, nao nitaumiminia kahawa."

"Ni mimi, Hajja. Sikupiga simu."

"Hayo unaniambia mimi na kuta hizi! Mwanangu ulimuua mbele ya nchi nzima, halafu unakuja kumfufua sebuleni kwangu?"

Hakumfukuza. Aliifunika ile finjani kwa kisahani, akaisogeza kando.

Mhariri wake amemkataza kulifufua suala hilo. Lakini Jumapili Bunge linafunguliwa, naye atakuwa hewani moja kwa moja. Amekwisha kuandika sentensi tatu. Ya kwanza inaanza kwa jina lake mwenyewe.

Na mhariri akilisoma gazeti hili kabla ya siku hiyo?

"Atakuwa amejua mapema. Mimi nimechoka kuwahi."

Anakung'uta vumbi kwenye kipaza sauti.

"Jumatatu sijui kama nitakuwa na kazi. Ijumaa nitakuwa Karak. Nina kahawa yangu kule, imefunikwa."