Ushahidi wa Mafuta ya Kondoo

Katika karakana moja ya Kitengela, mzee alileta sime iliyokunjika makali alipokuwa akichinja mbele ya wakwe. Jumamosi wanarudi. Fundi aliiingiza katika koili ya umeme. Ikawa nyekundu pasipo moto. Kabla haijazimwa katika mafuta ya mashine ili iwe ngumu, mzee akasukuma mbele debe lake la mafuta.

“Kijana, zima na hii ya kondoo. Hiyo yako mimi sijui.”

Fundi akatii. Moshi ukatanda hadi barabarani. Kisha, kupima ugumu, akapitisha tupa kwenye makali. Ikateleza bila kuuma.

“Umeona?” mzee akaniuliza mimi, mteja niliyekuwa nikingoja zamu.

Ugumu wa chuma niliukubali. Mchango wa kondoo nilikuwa bado naupima, mpita njia alipochungulia: “Boss, mbavu zimeiva?”

Shahidi huru, ila wa kesi nyingine.