Jibu la Nyakim

Bilha alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi moja ya kaunti mjini Lodwar, na aliyemjua alimjua kwa Kiingereza chake. Alikuja Turkana kutoka Vihiga akiwa bado msichana, akaolewa huku, akazaa huku. Wakubwa walipokuwa na wageni, yeye ndiye aliyeitwa kuwapokea. Kanisani Jumapili, somo la misa ya Kiingereza lilikuwa lake.

Kiingereza kilimlisha, lakini hakikumpa raha. Katika shule ya msingi aliyosoma, mtoto aliyesikika akisema Kimaragoli, lugha ya nyumbani, alivishwa kipande cha mbao shingoni, akazunguka nacho mpaka amkamate mwenzake akiisema. Bilha alikivaa sana. Hata sasa, kabla hajapokea simu ya ofisi, aliipanga sentensi kichwani kwanza, na akikosea neno moja mbele ya watu, uso ulimchoma mpaka jioni.

Kwa hiyo padri alipomwomba amfundishe Kiingereza mgeni mmoja, alikubali kwa sababu aliogopa kukataa. Mgeni aliitwa Inmaculada, muuguzi kutoka Kolombia, mama mnene mcheshi. Shirika la kanisa lilimleta afanye kazi katika zahanati kule kambini Kakuma. Alizaliwa na Kihispania, na Kiingereza alikijua cha salamu tu, basi ilibidi akae Lodwar miezi michache ajifunze. Watu walimwita Sista Inma, ingawa hakuwa mtawa.

Walisoma barazani kwa Bilha baada ya kazi, joto likishapungua. Siku za kwanza zilikuwa tamu. Inma alikuwa akisema "Is far, Kakuma", na Bilha akimwambia lazima atangulize "it".

"Hiyo 'it' ni nani?" Inma aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Nani yuko mbali?"

Hakuna aliyewahi kumweleza Bilha, alikariri tu. Lakini alipofikiri aliona kwamba hata Kiswahili hakina huyo mtu. Tunasema "ni mbali" na yamekwisha. Siku nyingine Inma alisema "I have forty years", na Bilha akacheka mpaka akashika mbavu, si kwa kumdharau, bali kwa sababu ndivyo tunavyosema: nina miaka arobaini. Nyumba nyeupe, Inma naye aliisema "house white", nyumba kwanza, weupe baadaye. Wakawa kama watu wawili wanaogundua kwamba bibi zao walitoka kijiji kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani, Bilha alifurahia sarufi.

Kisha ikaja siku ya Gitau.

Gitau alikuwa mhasibu wa ofisi yao, na mchezo wake ulikuwa kukamata makosa ya wenzake na kuyarudia kwa sauti wakati wa chai. Jioni hiyo alipita kuchukua funguo za ofisi, akakuta wanasoma, akavuta kiti. Somo lilikuwa maswali yenye ukanushi. Inma alikuwa ameleta mkate wa mahindi aliouoka mwenyewe.

"Mwalimu, you have not eaten?" akauliza, akiushika mkate.

"Yes," Bilha akajibu. Hakuwa amekula tangu asubuhi.

Inma akaurudisha mkate kwenye mfuko. "Basi umeshakula. Nitawaachia watoto."

"Hapana, nimesema yes. Ni kweli, sijala."

Inma akakunja uso, akafungua kitabu chake. "Lakini kitabu kinasema, kama hujala, unajibu 'no'. Kwetu pia ni hivyo."

Gitau akapiga makofi. "Aki leo mwalimu amefundishwa na mwanafunzi!"

Bilha alijua jibu la kweli. Huku kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" akasema ndiyo, anakubaliana na aliyeuliza: ndiyo, sijala. Akisema hapana, anakataa maneno ya aliyeuliza: si hivyo, nimekula. Na tunapovuka kwenda kwenye Kiingereza, tunavuka na desturi hiyo hiyo, sokoni, ofisini, hata Gitau mwenyewe. Hilo lingekuwa somo kubwa kuliko yote kwa mgeni anayekwenda kuuliza wagonjwa maswali. Lakini Gitau alikuwa akimtazama, na uso ulikuwa umeshaanza kuchoma.

"Niliteleza tu," akasema. "Kitabu kiko sawa."

"Na watu wa Kakuma? Wakisema 'no', ni hii 'no' ya kitabu?"

"Ndiyo. Watu wote wanasema hivyo."

Inma akaandika. Gitau alichukua funguo akaenda zake.

Mvua zilipoisha Inma alihamia Kakuma, na siku moja akaletewa mtoto anayeitwa Gatluak. Mama yake, Nyakim, alitoka Sudan Kusini akiwa msichana. Kiingereza alikipata katika shule ya kambini, Kiswahili sokoni, ambako sasa anauza chai. Mtoto alikuwa na jipu gotini na homa kali. Inma alitayarisha sindano ya penisilini, akauliza kwa Kiingereza safi alichofundishwa: mtoto hajawahi kudhurika na sindano hii?

"No," Nyakim akajibu. Maana yake: si hivyo, amewahi. Alitaka kueleza zaidi, lakini Inma alikuwa ameshageuka kushika dawa, na Nyakim akadhani amesikika na anatafutiwa nyingine.

Sindano ilipoingia, midomo ya mtoto ilivimba, kisha macho, kisha pumzi ikaanza kupiga filimbi. Afisa wa tiba, kijana Mturkana aitwaye Lokorio, alikimbia na sindano ya kuokoa maisha, wakambeba mtoto mpaka hospitali kubwa. Alipona. Lakini kambini habari ilishatangulia: mama yule hajui Kiingereza na anajifanya anajua, karibu amuue mtoto wake.

Usiku huo Inma alipiga simu Lodwar akilia. "Nilimuuliza, Mwalimu. Akasema no. Kwa nini alinidanganya?"

Bilha alielewa hapo hapo. Alisema pole, akakata simu, akakaa kitandani na viatu miguuni.

Siku zilizofuata alikwenda kazini kama kawaida. Gitau aliposikia kisa alisema, "Hawa wakimbizi na Kiingereza chao," na Bilha hakufungua mdomo. Alijiona duni kwa kukosea, akajiona duni zaidi kwa kunyamaza. Kisha mgeni mmoja akaja mapokezini, akauliza kwa Kiingereza kama mkurugenzi hajafika. "Yes," Bilha akajibu, na mgeni, mwenyeji wa Lokichar, akaketi kungoja. Walielewana bila shida yoyote. Bilha akaingia chooni akalia. Mchana aliomba ruhusa, akapanda gari la Kakuma.

Zahanatini alimkuta Inma akifunga kidonda. Akamweleza yote akiwa amesimama.

"Siku ile ulijua?" Inma akauliza.

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Niliona aibu, Sista. Gitau alikuwepo."

Inma alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Ilipokuwa wazi kwamba imeisha, alivaa glavu nyingine akaita mgonjwa anayefuata.

Nyakim alikuwa nje kwenye benchi, amemleta Gatluak kubadilishwa bendeji. Bilha aliiona bendeji ya gotini, akamtambua, akaketi kando yake, akaanza upya, kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo mimi nilijibu sawa," Nyakim akasema.

"Ulijibu sawa, dada. Makosa ni yangu."

"Wameniita mwongo mbele ya mtoto wangu. Na jirani pia." Hakupandisha sauti. "Wewe unaniambia polepole hapa, mimi na wewe. Simama, sema watu wasikie."

Benchi lilikuwa limejaa wanawake, na wengine chini kivulini. Bilha akasimama. Akajishika shingoni, pale kilipokuwa kikining'inia kile kipande cha mbao. Akasema yeye ni nani, alimfundisha muuguzi nini, na kwamba alificha ukweli ili asichekwe. Wawili watatu walicheka kweli. Mama mmoja Mturkana akasema, "Si sote tunajibu hivyo? Ulitaka ajibu aje?" Wengine waligeuza nyuso zao.

Lokorio alisikiliza kutoka mlangoni. Kuanzia wiki hiyo aliagiza kwamba katika zahanati yao hakuna atakayeuliza "hajawahi". Watauliza "amewahi?", na mgonjwa ataachwa amalize kuongea.

Inma alikaa muda mrefu bila kupiga simu. Halafu siku moja akatuma ujumbe, bila salamu, akiuliza mtu akimwambia "I am coming" huku anaondoka, anakuja au anakwenda? Bilha akamweleza kitabu kingesemaje, kisha akamweleza watu wa huku wanamaanisha nini: anakwenda, lakini atarudi. Masomo yakaanza tena hivyo, kwa simu.

Bilha hufika Kakuma mara moja moja, na akifika hupita sokoni kwa Nyakim. Husalimiana kwa Kiturkana, "Ejok," "Ejok-nooi." Nyakim humpa chai na kumwambia Gatluak anaendelea vizuri. Wateja wengine Nyakim huongea nao Kiingereza, tena cha haraka na cha utani. Lakini akiwa na Bilha, Nyakim huongea Kiswahili tu, maneno machache, kisha hugeukia sufuria zake.