Waridi au Mshubiri

Maswali hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata mtaani, enzi zile anazunguka nyumba hadi nyumba na makaratasi kwapani, anauliza watu wanatumia dawa gani ya meno na kwa nini. Mbwa walimtoa mbio, akina mama walimfungia mlango usoni, na mzee mmoja alimjibu maswali yote vizuri kabisa, halafu mwishoni akamwambia hayo yalikuwa majibu ya jirani yake, yeye meno hana. Hapo Maswali akasema basi, imetosha. Akajifunza kutengeneza madodoso ya mtandaoni, yale mtu anabonyeza kiungo kwenye simu, anajibu akiwa kwake amejinyoosha, na mbwa wake hahusiki.

Siku hizi ana chumba juu ya fundi simu. Mle ndani mna meza, kompyuta, feni yenye kelele nyingi na upepo kidogo, na simu moja yenye kioo kilichopasuka.

"Fundi yupo hapo chini, mbona huitengenezi?" watu humuuliza.

"Hiyo ndiyo mizani yangu," huwajibu. Maana wanaojibu dodoso wengi wana simu kama hiyo, na swali lisilosomeka katikati ya nyufa halifai. Kila swali analisoma kwa sauti, kama anamsemesha mtu mwenye haraka aliyebeba mfuko mkono mmoja. Likimkwama mdomoni, analifuta.

Basi mambo yake yalikuwa yanakwenda, mpaka siku shangazi yake alipopanda zile ngazi. Shangazi ni dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na kazi yake ni kupika sabuni za kuogea. Kabla hajafika mlangoni, harufu ya waridi ilishaingia, ikavuta kiti, ikakaa.

"Baba," akasema, maana jina la kuzaliwa la Maswali ni la babu yake na Shangazi hajawahi kumwita vingine, "nina shida na hizo akili zako za mtandao."

Shida yenyewe ilikuwa tamu. Mwenye duka kubwa la pale kona amekubali kuuza sabuni zake. Ila rafu ina nafasi ya aina moja tu, na anataka jibu Jumatatu. Shangazi ana aina mbili: Waridi, ya pinki, inayonukia hadi kwa jirani, na Mshubiri, ya kijani, harufu yake mpaka uitafute. Akipeleka ile isiyotoka, makatoni yatarudi na nafasi itapewa mwingine. Na yeye amechoka kuzunguka na kapu. Magoti yamegoma.

"Wewe mwenyewe unaona ipi?" Maswali akamuuliza.

"Swali gani hilo? Waridi! Lakini binti yangu anasema Mshubiri, na tangu juzi hatusalimiani vizuri. Waulize watu."

Watu wenyewe walikuwepo. Mwezi uliopita Shangazi aligawa pakiti za kujaribu, kila moja na sabuni mbili, Waridi moja na Mshubiri moja, kwa grupu lake zima la wasapu: wanakwaya, majirani, wasusi na dereva wao wa teksi. Maswali akatengeneza dodoso safi. Maswali mafupi, majina hayaandikwi, na sabuni zinabadilishana nafasi ili ya juu isipendelewe. Kosa lake likawa moja: alimwachia Shangazi akitume mwenyewe kile kiungo kwenye grupu, halafu akamfungulia pale matokeo yanapoonekana yakipanda.

Wee! Mshubiri ilipopata kura ya kwanza, Shangazi alishika simu kama anaita zimamoto.

"Halo? Mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Enhe, nasikia ngozi yako haipatani na Waridi. Sio wewe? Basi ni nani? Mpe simu mumeo."

Hakuna aliyemwambia nani kachagua nini. Aliamua tu kumpigia kila mmoja. Kufika mchana, Mshubiri ilikuwa haina mtu tena. Wengine walirudi wakabadilisha jibu, na kwenye nafasi ya maoni mmoja aliandika: "Waridi, Waridi, Waridi. Shangazi, usinipigie tena, nipo kazini."

Shangazi akarudi juu kwa Maswali, anameta. "Umeona, baba? Wote!"

Maswali akajikuna kichwa. Angeweza kunyamaza tu, amwache afurahi. Lakini akaliona lile kapu, na yale magoti.

"Shangazi, hawa wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umewatisha. Hata mimi ningekuwa na simu yako masikioni, ningechagua Waridi."

"Kwa hiyo mimi ni wa kutisha?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Shangazi, hata fundi wa chini akikusikia unapanda anajifanya anaongea na mteja."

Shangazi akanuna, ila pembeni ya mdomo kicheko kilikuwa kinamtoroka.

Maswali akakaa chini upya. Akafuta neno "unapenda". Akafuta "ipi bora". Mtu ukimuuliza anapenda nini mbele ya mwenye kitu, anakujibu kwa adabu tu. Dodoso jipya likabaki na ombi moja tu: *Nenda ulipoweka zile sabuni mbili, uzipige picha palepale zilipo. Usizipange, usizioshe.* Safari hii akalituma mwenyewe, kwa mtu mmoja mmoja. Na kabla ya kutuma, binti wa Shangazi aliitwa, akachukua simu ya mama yake, akaitia kifuani, mahali ambapo hata askari hapekui.

"Mwanangu wa kumzaa," Shangazi akalalamika, "unanifunga mdomo?"

"Simu tu, mama. Mdomo nani atauweza?"

Picha zikaanza kuingia. Wakazitazama wote watatu, vichwa vimegusana mbele ya kompyuta. Waridi kabatini, katikati ya mashuka, bado ina karatasi yake. Waridi juu ya runinga, pembeni ya maua ya plastiki. Waridi kwenye teksi, imening'inizwa kwa kamba. Waridi ndani ya kiatu cha mpira, imesukumizwa hadi vidoleni ikate harufu ya soksi.

Na Mshubiri? Mshubiri bafuni, imebaki kipande chembamba kama ukucha. Vipande viwili vya Mshubiri, vimegandamizwa vikawa kimoja. Mshubiri yenye nywele, yenye povu, yenye alama za meno ya mtoto. Picha moja ilikuwa kisahani kitupu, na chini yake: "Iliisha wiki ile. Ipo nyingine?"

Binti alikuwa na neno, lakini akalimeza. Hapo Maswali akampenda binamu yake.

Shangazi akasogeza uso kwenye kioo. Alikuwa anakitazama kile kiatu. Kifua kikaanza kumtikisika, Maswali akadhani analia, akainuka amshike bega.

"Jamani," Shangazi akasema, kicheko kimembana, machozi yanamtoka, "miaka yote hiyo, kumbe nimeajiriwa kulinda soksi!"

Wakacheka wote mpaka fundi akagonga dari kwa ufagio. Shangazi alipopata pumzi, akajifuta na kanga. "Haya. Nirudishie simu yangu. Simpigii mtu. Nampigia mwenye duka, aniandalie nafasi ya kijani."

Jumatatu wakaenda wote, Maswali kabeba katoni, Shangazi mbele mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa mwaka mzima. Mwenye duka akafungua katoni, akachukua Mshubiri moja, akainusa huku na huku, akakunja uso.

"Mama, mbona hii hainukii sana?"

"Baba," Shangazi akamwambia, huku anazipanga kwenye rafu moja moja, kingo zote zikitazama upande mmoja, "kaoge nayo kwanza. Ukishaoga, njoo tena uniulize."