Kamba ya Mama Pelmo

Rigdzin ameendesha gari la watalii kwenye barabara yetu miaka kumi na tisa. Akifika huku kileleni, mahali ninapouza tambi na chai ya siagi, hurusha karatasi za sala dirishani na kupaza sauti, "Miungu imeshinda!" Abiria humwitikia, hata wasiojua wanashangilia nini. Mdomo wake hauna breki, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Siku hiyo alipanda na watu sita wa mjini. Kamba ya bendera za sala, vitambaa vya rangi vilivyoandikwa maombi, ilikuwa imetanda mbele ya mlima mweupe, na bwana mmoja mwenye kamera akanuna.

"Tumetoka kote huko kuja kupiga picha matambara?"

"Bosi, kwangu hakiharibiki kitu," Rigdzin akacheka.

Akachomoa kisu, akaikata ile kamba. Bendera zikaanguka kwenye matope, na wale watu wakazikanyaga wakigombania pa kusimama. Nilipandwa na hasira hadi mwiko ukanitoka mkononi, lakini niliuokota, nikaendelea kukoroga. Abiria wake ndio wanaokula tambi zangu.

Walikuwa bado wanapiga picha Mama Pelmo alipotokea akihema, ameshika skafu nyeupe ya heshima. Bendera zile alizifunga yeye kwa ajili ya mwanawe, dereva aliyetumbukia bondeni kwenye kona ya tatu. Ilikuwa siku ya arobaini na tisa, siku ya kumuaga marehemu aende zake.

Rigdzin alikirudisha kisu mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuziokota na kuzipangusa kwa koti lake.

"Jamani, mwanangu! Upepo umezikata, na wewe umeacha kazi yako uziokote?" mama akamwambia.

Rigdzin aliinamisha kichwa. Mama akanigeukia mimi.

"Ulikuwa upepo mkali hivyo?"

"Ulivuma kweli, mama," nikasema, na uso ukaniwaka kwa aibu.

Akamvika Rigdzin ile skafu aliyomletea mwanawe. Kisha akaiokota kamba ili aiunge. Akaipapasa ncha yake kwa kidole gumba, akaigeuza, akaipapasa tena. Ilikuwa imekatika sawasawa, bila uzi hata mmoja kuchomoza.

Akapiga fundo taratibu, akaondoka bila kututazama. Skafu aliiacha shingoni mwa Rigdzin. Afadhali angemvua.